Mlima Hauponi kwa Mchango wa Siku Moja

Bukavu ni mji unaopikiwa na milima. Mkaa unaochemsha maharagwe ya Kadutu na kusonga bugali wa Bagira hauchomwi mjini. Unashuka kutoka miinuko ya magharibi, katika magunia yaliyovimba kuliko mtu anayeyabeba. Akina mama huyabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yakitazama chini. Wengine huyapakia kwenye pikipiki, mawili mawili hata matatu. Ukisimama mwezi wa Agosti kwenye mteremko wowote wa mji huu wenye watu zaidi ya milioni moja, ukaangalia upande wa Mlima Kahuzi, utaona utando wa kijivu ambao si ukungu. Kiangazi kimeshika tangu Juni, nyasi zimekauka, na mkulima, mchungaji, mrina asali na mchoma mkaa kila mmoja ana kiberiti chake mfukoni.

Niliingia kwa barabara, kupitia Kamembe upande wa Rwanda na mpaka wa Ruzizi wa Kwanza. Ilikuwa mwaka 2025. Waasi wa M23 walikuwa wameuchukua mji Februari ya mwaka huo, pamoja na uwanja wa ndege wa Kavumu, na tangu hapo benki zilikuwa zimefunga milango. Kwa mtu aliyekuja kufuatilia michango ya milima, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko nilivyotarajia. Pesa zilikuwa zinatembea kwa simu, kwa mkono na kwa kuaminiana. Noti ya dola iliyochanika hata ukucha mmoja hakuna aliyeipokea, na noti za faranga zilikuwa zimelainika kama kitambaa kwa kupita mikononi.

Nilikuwa na sababu ya kuja. Mimi ni mtu wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, kwenye njia ya watalii inayopita juu ya kijiji chetu. Ulipodhibitiwa, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, ilihesabu kilometa za mraba 95.5 zilizoungua. Wanafunzi wa Chuo cha Mweka walipanda, askari wa hifadhi walipanda, vijana wa vijijini walipanda na matawi mabichi na mapanga. Nyumbani kwetu sufuria za ugali ziliondoka jikoni kwenda getini bila mtu kuuliza nani atazirudisha. Dunia nzima ilitazama, maana Kilimanjaro ina jina, na jina huvuta michango. Kisha mvua ikanyesha, kamera zikaondoka, na mwaka uliofuata sikusikia tena mtu akipitisha daftari. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Bayreuth ambaye ameuchunguza mlima ule kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba moto unaojirudia ndio unaoushusha mpaka wa juu wa msitu, na msitu ukishuka, mlima unapoteza uwezo wa kuchuja maji kutoka kwenye ukungu. Hasara hiyo haipigiki picha. Nilitaka kuona watu wanaochangia mlima usiopigwa picha wanafanyaje.

Barabara ya kwenda kaskazini hupita Mudaka, penye soko, kisha hufika Miti, na hapo mtu huchagua: moja kwa moja kwenda Kavumu na pwani ya Ziwa Kivu, au kushoto kupanda Tshivanga, makao ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, yapata kilometa 30 kutoka mjini. Dereva wangu wa pikipiki alikuwa kijana wa Kabare aliyezima injini kila kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Tulipita mashamba ya chai, mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, migomba, na miti ya mkwinini ambayo magome yake ndiyo yaliyoifanya Bukavu ijulikane kwa dawa ya malaria. Kila baada ya vilima viwili au vitatu palikuwa na kimoja cheusi.

Hifadhi yenyewe ina historia ndefu ya kugombewa. Adrien Deschryver, Mbelgiji, ndiye aliyepigania itangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi hekta 600,000, ikishuka kutoka vilele vya Kahuzi, mita 3,308, na Biega, mita 2,790, mpaka misitu ya bonde la Kongo. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ndiyo ngome ya gorila wa nyanda za mashariki, ambao wakati mvua za Septemba zinapoanza hupanda kwenye mianzi kula machipukizi. Mmoja wao, dume lililoitwa Maheshe, lilijulikana kiasi kwamba watu wa huku hadi leo husema ndilo lililo kwenye noti ya zaire 50,000 ya wakati wa Mobutu. Majangili waliliua mwaka 1993. Noti nayo ilikufa kwa mfumuko wa bei.

Sikuingia hifadhini, hali ya usalama haikuruhusu, wala shabaha yangu haikuwa huko. Nilishuka kwenye kijiji kimoja cha pembezoni ambacho wenyeji wake waliniomba nisikitaje, nikapokelewa kwa "asinge" ya Kishi na kiti cha mbao chini ya mparachichi. Kilima kilichokuwa juu ya kijiji kilikuwa kimeungua kiangazi kilichotangulia. Moto ulianzia kwenye tanuri la mkaa, ukapanda na upepo wa alasiri, ukala shamba la miti la kijiji, ukachoma mabanda mawili na mizinga kadhaa ya nyuki, na ukafika ukingoni mwa mianzi ndipo ukachoka.

Nilitembezwa juu na mzee aliyewahi kuwa mbeba mizigo wa watafiti wa Lwiro, kile kituo cha sayansi walichokijenga Wabelgiji hapo jirani. Alinifundisha kusoma majivu. Mianzi, alisema, haihitaji hela ya mtu. Shina lake limelala chini ya udongo na litachipua lenyewe mradi lisichomwe tena. Hagenia, ule mti wenye gome linalobanduka kama karatasi, hupenda mahali palipoungua, mbegu zake zikipata jua huota kwa wingi. Adui ni kangaga. Moto ukipita mara moja msitu hurudi. Ukipita mara tatu kangaga hujaa, hukauka kila kiangazi, na kuwa kuni za moto unaofuata. "Batu banakuyaka na miche," aliniambia, akicheka bila hasira. "Banapanda, banapiga foto, banaenda. Kiangazi kikirudi, moto inapita mulemule."

Jioni nilikaribishwa kwenye mkutano wa MUSO, mutuelle de solidarité. Kivu Kusini huwezi kwenda mbali bila kukutana na kikundi cha namna hii. Walikuwa watu kama thelathini, wengi wao akina mama, wameketi kwenye mikeka na vitenge. Katikati paliwekwa sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake tatu zilitoka kwenye nguo za watu watatu tofauti. Ndani mlikuwa na mifuko mitatu, kwa utaratibu ambao MUSO nyingi huufuata. Hazina ya kijani ni ya akiba na mikopo. Kila mwanachama huweka kiwango kilekile kila mkutano, na anayekopa hurudisha na faida kidogo. Hazina nyekundu ni ya majanga: ugonjwa, msiba, nyumba iliyoungua. Pesa yake haikopeshwi wala hairudishwi. Ya buluu hungojea fedha zitokazo nje, na hiyo ya buluu, mtunza hazina alinionyesha akitabasamu, ilikuwa tupu kwa muda mrefu sana.

Moto ule uliwaletea swali ambalo kanuni zao hazikuwa zimelijibu. Mwenye banda lililoungua alipewa kutoka kwenye nyekundu, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kilima? Mzee mmoja, nilivyosimuliwa, alisimama akasema kilima si mwanachama, hakijawahi kulipa mchango, na nyekundu ni ya wanachama. Mama prezida, kiongozi wa kikundi, alimjibu kwa kumwuliza shamba lake la maharagwe liko wapi. Liko chini ya kilima. Akamwuliza mvua ya Septemba itapita wapi.

Hakuhitaji kueleza zaidi, maana katika jimbo hili kila mtu anajua mlima ulio uchi unaweza kufanya nini. Tarehe 4 Mei 2023, katika wilaya jirani ya Kalehe, mvua ya siku moja iliteremsha mawe, matope na miti juu ya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakupatikana. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo, lakini miteremko ilikuwa imekwisha kuvuliwa nguo. Moto wa kiangazi ni mkopo, na masika ndiyo mwenye kudai.

Basi wakakubaliana kwamba kilima nacho ni mgonjwa, na wakafungua nyekundu. Kiasi kilichomo kilitosha kununua mifuko ya plastiki ya kitalu, mbegu, na unga wa kuwalisha vijana wawili waliolinda kilima mpaka mvua. Kikaisha. Hapa ndipo hadithi nyingi za michango huishia, na hapa ndipo wao walipofanya jambo lililonifanya nikae siku zaidi ya nilizopanga. Waliuhamisha mlima kutoka kwenye hazina nyekundu kwenda kwenye ya kijani.

Mantiki yao ilikuwa hivi. Nyekundu hutoa mara moja na kufunga. Kilima kinahitaji kupaliliwa, kuzibwa mapengo ya miche iliyokufa, na kulindwa viangazi vitatu mfululizo kabla miti haijaipita nyasi kimo. Hakuna msiba wa miaka mitatu. Lakini kuna mkopo wa miaka mitatu, kuna biashara ya miaka mitatu. Wakapanda nyasi za setaria kwenye kingo za mitaro waliyoichimba kukata mteremko, na kila mwanachama akapewa kipande chake cha kufyeka. Nyasi hiyo ni chakula cha mbuzi na cha dende, simbilisi wadogo wanaofugwa chini ya vitanda karibu katika kila nyumba ya Kivu Kusini. Dende huzaa haraka, huuzwa bei ya mtu wa kawaida, na ada ya mtoto shuleni mara nyingi hutoka kwao. Kwa hiyo nyasi ambayo ingekauka na kuwaka, sasa inafyekwa kila wiki na mtu mwenye sababu yake mwenyewe ya kuifyeka. Wanalinda kilima kwa kukila.

Asiye na faranga hakuachwa nje. Alilipa kwa jembe. Daftari lina safu mbili, moja ya pesa na nyingine ya siku za kazi, na zote hujumlishwa mwishoni mwa mwezi. Nilifurahi kuiona safu hiyo, kwa sababu Uchagani tunaijua. Mifongo yetu, mifereji ya maji inayoshuka kutoka msituni, ilichimbwa na ukoo, na asiyekwenda kuifukua siku ya kazi hakupata zamu ya maji. Wazee wetu hawakuita hilo mchango, na wala hawakungoja mfereji ubomoke ndipo waitane. Pengine ndiyo sababu ya unyonge niliouhisi baada ya 2020: kwenye mfereji tulikuwa na zamu, kwenye mlima tulikuwa na huruma tu.

Jambo gumu zaidi lilikuwa mwenye tanuri. Kila mtu alimjua. Si mtu wa mbali, ni mume wa mwanachama, na alichoma mkaa kwa sababu Bukavu inanunua mkaa kila siku ya Mungu. Kulikuwa na waliotaka alipe. Kwa kutumia nini? Mkutano uliamua, baada ya ugomvi wa jioni tatu, kwamba mkewe akopeshwe kutoka hazina ya kijani aanze kununua maharagwe Mudaka na kuyauza mjini, na kwamba mume awe mmoja wa walinzi, kwa sharti kwamba tanuri likionekana tena mkopo wote udaiwe papo hapo. Nilimwona mtu huyo. Alikuwa na aibu ya mtu anayetazamwa kila siku, na alikijua kilima kile kuliko yeyote: upepo unageukia wapi saa tisa, nyasi ipi inashika upesi.

Wazo la kumgeuza mharibifu kuwa mlinzi si geni katika eneo hili. John Kahekwa, aliyekuwa mwongoza watalii wa gorila, alianzisha Pole Pole Foundation mwaka 1992 akitumia bakshishi alizopewa na wageni. Waliotega mitego ya wanyama aliwapa patasi wachonge vinyago vya gorila, na kuzunguka hifadhi akaanza kupanda miti ili watu wa Miti wapate kuni bila kuingia msituni. Mwaka 2021 shirika lake lilifika fainali ya Tuzo ya Earthshot. Alichokielewa mapema ni kwamba huwezi kumhubiria mtu mwenye njaa, na kwamba msitu unalindwa kwenye sahani kabla ya kulindwa kwenye mpaka.

Lakini sahani hizo hazijagawanywa sawa. Siku moja nikiwa kilimani nilizungumza na baba mmoja Mtwa aliyekuwa akichimba mtaro kwa kibarua. Watu wake waliondolewa ndani ya msitu katika miaka ya 1970, bila fidia, na baadhi yao walirudi kwa nguvu mwaka 2018. Kukawa na mapigano, miti ikakatwa, mkaa ukachomwa, watu wakafa pande zote. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi uliowapa haki Watwa, ikitaka warudishiwe ardhi yao. Nilimwuliza kama yeye ni mwanachama wa MUSO. "Miye niko mfanyakazi," akasema. "Mwenye shamba njo anachangaka. Miye sina shamba." Akaendelea kuchimba. Nilipolipeleka neno lake kwa mama prezida, alinyamaza kidogo, kisha akasema kanuni hazimkatazi. Ni kweli, hazimkatazi. Ila hisa ya kwanza hulipwa kwa pesa taslimu, na hapo ndipo mlango ulipo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo michango yote ya milima inapopimwa. Mtu huchangia kwa muda mrefu kile ambacho ana sehemu ndani yake. Serikali ya Kongo iliwahi kulikubali jambo hilo kwa maandishi: dekrii namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wao wa asili, hadi hekta 50,000, wausimamie daima. Bukavu kuna shirika, Strong Roots, lililoanzishwa na Dominique Bikaba, ambalo limekuwa likisaidia vijiji kupata hati hizo ili kuunganisha misitu ya Kahuzi-Biega na ile ya Itombwe kusini. Hati hiyo ni karatasi, lakini ni karatasi inayojibu swali la yule mzee. Kilima kikiwa cha jamii, hakuna tena haja ya kubishana kama ni mwanachama.

Mjini, watu hawajioni kuwa sehemu ya jambo hili, ingawa Mto Murhundu, ambao REGIDESO, shirika la maji la Kongo, huuteka kwa ajili ya mabomba ya Bukavu, unatoka upande huohuo wa milima. Mwanamke anayenunua gunia la mkaa Kadutu hununua pia tope litakaloziba bomba lake. Sikukutana na kikundi kilichopata njia ya kumfikishia hesabu hiyo. Vijana wawili watatu wa kijiji walioko Bruxelles hutuma kidogo kwa simu, na kila wakituma hudai picha ya miche. Akina mama huwatumia picha ya dende.

Kabla ya kuondoka nilitoa noti ya dola mia. Mtunza hazina aliinyanyua kwenye mwanga wa taa, akaigeuza, akaonyesha mchaniko mdogo pembeni ambao mimi sikuuona, na mkutano mzima ukacheka. Nikatoa nyingine. Mama prezida akaniambia niirudishe mfukoni. "Makuta ya mara moya inakulikaka mara moya," alisema. Pesa ya mara moja huliwa mara moja. Kama ninataka kusaidia, nijiandikishe. Hisa ni ndogo, hutumwa kwa simu kila mwezi kabla ya mkutano, na anayechelewa bila taarifa hutozwa faini inayokwenda nyekundu, mgeni au mwenyeji.

Katibu akaandika jina langu chini ya la thelathini na kitu. Kwenye safu ya siku za kazi akachora mstari, maana alijua sitakuja na jembe. Nilimwuliza mchango huo ni wa muda gani. Akahesabu kwa vidole viangazi vilivyobaki, akanionya kwamba mwaka wa pili kiwango kitapanda kidogo, kwa kuwa huo ndio mwaka wa kupalilia na kuziba mapengo. Nikaomba jambo moja liandikwe pia, nalo wakalijadili pale pale na kulipitisha kwa mikono: hisa ya kwanza ya asiye na shamba inaweza kulipwa kwa siku za jembe.